SOMO: Kumtazama Mtoto Kabla ya Kumpiga Picha



Mara nyingi somo la ukurasa huu huhusu kazi zenyewe: visima, mbuzi wa maziwa, vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii nimeona tujifunze kwa mtu ambaye hakuwa mtu wa miradi wala hakuwa Mkristo. Ni Abbas Kiarostami, mwongozaji wa filamu kutoka Iran, aliyezaliwa Tehran tarehe 22 Juni 1940 na kufariki dunia mjini Paris tarehe 4 Julai 2016. Wapenzi wa sinema wanamfahamu zaidi kwa filamu zake za watu wazima, hasa ile iitwayo Ladha ya Cheri, ambayo mwaka 1997 ilishiriki tuzo kuu ya tamasha la Cannes huko Ufaransa pamoja na filamu moja ya Kijapani. Lakini kabla ya hapo, kwa miaka zaidi ya ishirini, kazi yake ilikuwa filamu za watoto na filamu za matukio halisi. Na mwaka 2000 aliitwa Uganda, kwa jirani zetu, kupiga picha za watoto yatima wa UKIMWI. Hapo ndipo habari zake zinapoingia moja kwa moja katika kazi yetu.

Kila robo mwaka ofisi ya miradi hupokea picha kutoka sharika. Tangu simu za mkononi ziwe na kamera, picha zimekuwa nyingi kuliko taarifa. Ukizipanga mezani zinafanana: watoto wamesimama mstari mmoja, wameshika madaftari au sabuni, mikono imenyooka, hakuna anayecheka. Nyuma yao wamesimama mwenyekiti wa kamati, mwinjilisti na mgeni. Tunazipokea, tunachagua ile inayosikitisha zaidi, tunaituma kwa wafadhili. Nimeifanya kazi hiyo mwenyewe kwa miaka mingi, kwa hiyo ninayoyaandika hapa yananihusu kwanza mimi.

Katika Mathayo sura ya 18 wanafunzi wanataka kujua nani aliye mkubwa, na Bwana anamweka mtoto mdogo katikati yao. Sisi nasi tunawaweka watoto katikati, mbele ya kamera. Naomba kamati zisome sura hiyo kabla ya kuendelea, kisha tumfuate huyu Mwirani hatua kwa hatua.

Alikoanzia

Kiarostami alisoma sanaa ya uchoraji katika Chuo Kikuu cha Tehran, na ili kujikimu alifanya kazi katika polisi wa usalama barabarani. Katika miaka ya 1960 alitengeneza matangazo ya biashara ya televisheni, zaidi ya mia moja, na pia alichora picha za vitabu vya watoto. Anayetengeneza tangazo la dakika moja hujifunza kutopoteza hata sekunde, na jambo hilo linaonekana katika filamu zake za mwanzo.

Mwaka 1965 ilianzishwa nchini Iran taasisi ya serikali ya kukuza akili za watoto na vijana, ambayo Wairani wenyewe huiita Kanoon. Ilifungua maktaba za watoto mijini na vijijini na ikachapisha vitabu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 Kiarostami aliombwa asaidie kuanzisha idara ya filamu. Alibaki hapo kupitia utawala wa Shah, kupitia mapinduzi ya mwaka 1979, na kupitia vita vya Iran na Iraki, akitengeneza filamu za watoto. Ni mfano mzuri wa kudumu mahali pamoja. Sisi tuliosoma hatupendi kukaa muda mrefu na kazi za watoto. Tunaziona kama ngazi ya kupandia.

Filamu yake ya kwanza, Mkate na Kichochoro, ya mwaka 1970, ni fupi, na kisa chake mtoto yeyote wa kwetu anakijua. Mvulana ametumwa mkate. Anarudi nyumbani akipiga kopo kwa mguu, na kwenye kichochoro anakuta mbwa anayebweka. Hawezi kupita. Anasubiri mtu mzima ajifiche nyuma yake. Anatokea mzee, anamfuata, lakini mzee anakata kona nyingine na mtoto anabaki peke yake na mbwa. Mwisho anammegea mbwa mkate, na mbwa anamsindikiza mpaka nyumbani akitikisa mkia. Hakuna maneno ya kufafanua. Mpiga picha wake, aliyekuwa mzoefu kuliko yeye, alitaka tukio la mtoto na mbwa likatwe vipande vipande: mtoto peke yake, kisha mbwa peke yake, halafu viunganishwe. Kiarostami alikataa. Alitaka mtoto na mbwa waonekane pamoja katika picha moja, hata kama itawabidi wangoje siku nyingi.

Huyo ni mwongozaji mgeni kabisa kazini anayebishana na fundi wake kwa sababu hofu ya mtoto ni kitu kizito. Mtu mzima angesema ni mbwa tu. Aliyewahi kutumwa dukani jioni akiwa na umri wa miaka sita hatasema hivyo.

Mwaka 1975 alitengeneza filamu nyingine ya dakika tano hivi, Suluhisho Mbili kwa Tatizo Moja. Mwanafunzi amemrudishia mwenzake daftari likiwa limechanika. Katika suluhisho la kwanza mwenye daftari analipiza, mwenzake naye analipiza, na vitu vinavunjwa kimoja baada ya kingine mpaka wanapigana, huku hasara za kila upande zikiandikwa ubaoni kama hesabu. Katika suluhisho la pili anachukua gundi na kulibandika daftari. Basi, imekwisha. Walimu wa Shule ya Jumapili wanaweza kuigiza kisa hiki bila gharama yoyote, isipokuwa daftari moja. Nadhani hata baadhi ya kamati zetu zingefaidika kuigiza.

Ile iliyonisumbua zaidi ni ya mwaka 1979, Kesi ya Kwanza, Kesi ya Pili. Mwalimu anachora ubaoni, nyuma ya darasa mtu anapiga kelele ya kugonga. Mwalimu hamjui ni nani, kwa hiyo anawatoa nje wanafunzi saba wa nyuma kwa wiki nzima, mpaka wamtaje mhusika. Katika kesi ya kwanza mmoja anamtaja mwenzake na kurudi darasani. Katika kesi ya pili wote wanakaa kimya mpaka adhabu iishe. Kiarostami aliwaonyesha wazazi, wataalamu wa elimu, viongozi wa dini na wa siasa, kisha akawauliza mbele ya kamera: nani amefanya vizuri? Ilikuwa wakati wa mapinduzi, na baadaye filamu ikazuiwa. Mtu huyu aliamini kwamba jambo la watoto saba kwenye korido ya shule linastahili kuamuliwa na wakubwa wa nchi.

Kamera isiyo na filamu

Mwaka 1974 alitengeneza Msafiri. Mvulana wa mji mdogo ana hamu kubwa ya kwenda Tehran kuona mechi ya mpira wa miguu. Hana nauli wala kiingilio. Anapata kamera kuukuu isiyo na filamu ndani, anasimama nje ya shule, na anaanza kuwapiga picha watoto wadogo kwa malipo. Wanapanga foleni. Wanajinyoosha, wanatengeneza kola, wanatazama kamera. Yeye anabonyeza, anapokea sarafu, anaita mwingine. Hakuna hata picha moja itakayotoka. Anasafiri usiku kucha mpaka Tehran, anafika uwanjani mapema mno, anajilaza kidogo, na anapoamka mechi imekwisha.

Nilipoiona sehemu ile ya foleni sikucheka kama wenzangu walivyocheka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na wageni katika mtaa mmoja kugawa sare za shule. Tulihitaji picha mbili za kila mtoto, kabla ya msaada na baada ya msaada. Mvulana mmoja, anayelelewa na bibi yake, alikuja amevaa shati safi la bluu ambalo bibi alilifua na kulipiga pasi kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwomba alivue, avae lile la kuchezea, ili picha ya kabla ieleweke. Akavaa. Picha ile ilipendwa sana. Ilitumika kwenye kipeperushi, na chini yake paliandikwa kwamba ni yatima asiye na mtu, wakati mama yake alikuwa hai, anafanya kazi mjini na kutuma chochote alichoweza.

Mwaka uliofuata nilipita kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeniletea ile picha ya mjukuu wangu?"

Sikuwa nayo. Haikuwa imenijia akilini kwamba angeitaka. Nilimwambia nitaileta, na nikachelewa, na nikaendelea kuchelewa. Kijana alipofika kidato cha pili wenzake waliiona picha ile kwenye simu, kwa njia ambayo sikuifahamu, wakaanza kumwita kwa jina lililotokana na lile shati. Nilikwenda kumwomba radhi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema neno moja tu: "Mama, ile siku nilikuwa na shati jingine."

Nimelieleza hili si kwa kupenda. Kamera yangu ilikuwa na filamu, kwa maana hiyo nilikuwa bora kuliko yule mvulana wa sinema. Lakini kwa upande wa bibi na mjukuu wake, ilikuwa tupu vilevile: walijipanga, walitazama, hawakupata kitu.

Watoto wanaosema tunachotaka kusikia

Mwaka 1989 ilitoka filamu yake ya matukio halisi, Kazi za Nyumbani. Kiarostami alikuwa akihangaika kumsaidia mwanawe kazi za shule, akaona si jambo la nyumba yake peke yake. Akaenda katika shule moja ya msingi ya Tehran, akaketi nyuma ya meza na miwani yake ya giza, akawaita wavulana mmoja mmoja. Anawauliza nani huwasaidia kusoma, nini hutokea wasipomaliza kazi. Wanasimulia habari za mkanda wa kiunoni kana kwamba wanasimulia habari za mvua. Anawauliza maana ya adhabu, wote wanaijua. Anawauliza maana ya kutiwa moyo. Wengi hawalijui hata neno lenyewe.

Kisha anawauliza wanapenda nini zaidi, katuni za televisheni au kazi za shule. Mtoto baada ya mtoto anajibu kwamba anapenda kazi za shule.

Kila mtazamaji anajua kwamba si kweli, na Kiarostami anajua. Hawakemei. Wala hakati majibu hayo ili abaki na yanayopendeza. Anayaacha, na kila mara anakuonyesha kamera yenyewe inayomtazama mtoto, ili usisahau mtoto anajibu mbele ya nini.

Basi fikirini zile video fupi tunazotuma kwa wafadhili, ambamo mtoto anasema: nawashukuru sana wafadhili wetu, Mungu awabariki, naahidi kusoma kwa bidii. Nimezitazama nyingi. Sentensi ni zilezile kutoka usharika hadi usharika, wakati mwingine hata pumzi inavutwa mahali palepale, kwa sababu mwinjilisti amesimama pembeni akisaidia. Sisemi kwamba watoto hawana shukrani. Nasema hatujui, kwa kuwa hatujawahi kuwauliza swali ambalo lina majibu mawili. Wafadhili nanyi mnisamehe: video hizo zinatengenezwa hivyo kwa sababu tunadhani ndivyo mnavyotaka. Mkituambia kwamba mngependelea kusikia mtoto akieleza jinsi baiskeli ya mradi ilivyoharibika na nani aliitengeneza, mtatusaidia sana.

Mwishoni mwa filamu ile analetwa mvulana mmoja anayeogopa kiasi cha kutetemeka. Analia, anamwita rafiki yake, anataka kutoka. Wapo wanaosema hapo Kiarostami alivuka mpaka, kwamba kamera ilipaswa kuzimwa mara tu machozi yalipoanza. Nami naona wana hoja. Alichofanya ni kumruhusu rafiki aingie na kusimama nyuma yake. Mtoto akatulia, na akasoma kwa ghibu shairi la kidini aliloliweka moyoni, lote, kwa sauti nzuri. Hata hivyo, mwongozaji mwenye uzoefu wa miaka karibu ishirini na watoto alimtisha mtoto bila kukusudia. Sisi tunaofika na gari kubwa na wageni wasiojulikana tujipime.

Kurudi baada ya tetemeko

Mwaka 1987 Kiarostami alikuwa amekwenda kaskazini mwa Iran, kijiji cha Koker, kutengeneza Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? Wachezaji walikuwa wanakijiji wenyewe. Mtoto amechukua kwa makosa daftari la jirani yake wa dawati, na mwalimu amekwisha kuonya kwamba rafiki huyo akija tena bila daftari atafukuzwa. Mtoto anatoroka nyumbani na kukimbia kilima kwa kilima akitafuta nyumba ya rafiki katika kijiji cha pili. Watu wazima wote anaowauliza wanazungumza, hakuna anayesikiliza. Filamu ilipata tuzo huko Locarno, Uswisi, mwaka 1989.

Juni 1990 eneo lile lilipigwa na tetemeko la ardhi lililoua makumi ya maelfu ya watu. Kiarostami alichukua gari akaenda, pamoja na mwanawe, kuwatafuta watoto aliowapiga picha, kama wako hai. Kutokana na safari hiyo ilitengenezwa filamu ya mwaka 1992, ambamo mwigizaji anayechukua nafasi yake anaendesha gari kati ya vifusi akiwaonyesha watu picha ya mvulana na kuuliza habari zake. Filamu inaisha bado yuko njiani. Wale watoto walikuwa wamepona. Wanaonekana, wamekua kidogo, katika filamu iliyofuata ya mwaka 1994.

Mara tatu katika kijiji kilekile, basi. Sisi mradi ukifungwa, faili linafungwa. Ninayo mafaili ya watoto waliosomeshwa kati ya mwaka 2006 na 2012, na kwa wengi wao siwezi kusema leo wako wapi. Picha zao ninazo.

Siku kumi Uganda

Mwaka 2000 Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, wa Umoja wa Mataifa, ulimwandikia Kiarostami kumwomba atengeneze filamu kuhusu kazi ya UWESO, shirika la wanawake wa Uganda lililoanzishwa mwaka 1986 kwa ajili ya yatima. Wakati ule Uganda ilikuwa na yatima zaidi ya milioni 1, na sehemu kubwa ya vifo ilitokana na UKIMWI. Wenzetu wa Kagera hawahitaji kuelezwa. Masaka na Rakai ni ng'ambo tu ya mpaka, na wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huo.

Kiarostami alifika Kampala na mwenzake Seifollah Samadian, kila mmoja na kamera ndogo ya dijitali, kwa nia ya kuangalia mazingira tu kabla ya kurudi na vyombo vikubwa. Walikaa siku kumi hivi. Aliporudi nyumbani na kuyatazama waliyoyapata, aliona filamu tayari ipo, na kwamba kamera kubwa ingewaogopesha watu na kuwafanya waigize. Ikaonyeshwa Cannes mwaka 2001 kwa jina la ABC Africa.

Mtu anayetarajia filamu ya kuombea msaada atashangaa. Sehemu kubwa ni watoto wanaocheza, wanaokimbilia kamera, wanaosukumana ili waonekane, wanaokunja sura kuchekesha. Wanawake wanaimba, na wanaeleza jinsi vikundi vyao vinavyoweka akiba. Kuna bibi aliyezika watoto wake 11 na kubaki na wajukuu 35. Anaeleza maisha yake mwenyewe, bila mtu wa kumhurumia kando yake. Kisha, katika kituo cha wagonjwa, kamera inakuta mwili wa mtoto mdogo. Wahudumu wanaufunga kwa kitambaa, wanatengeneza sanduku kwa boksi la karatasi, linafungwa nyuma ya baiskeli, na baiskeli inaondoka. Hapawekwi muziki wala sauti ya kueleza. Baadaye usiku, hotelini, umeme unakatika, na kwa dakika kadhaa skrini ni nyeusi kabisa. Unasikia tu sauti za watu wakipapasa ngazi kwa njiti za kiberiti, wakizungumza kwamba kuna watu wanaoishi katika giza hili kila usiku. Halafu inapiga radi, na unaona mti dirishani.

Wapo waliomlaumu kwamba alitazama kama mtalii, kwamba furaha ni nyingi mno kwa nchi iliyokuwa inazika hivyo, na kwamba sababu za umaskini hazikuelezwa. Lawama ya mwisho naikubali. Hiyo ya furaha siikubali. Sisi tuliokuwa tukienda kwenye kaya hizo miaka ileile, kabla dawa za kurefusha maisha hazijaanza kutolewa bure nchini kwetu mwaka 2004, tunakumbuka kwamba watoto walicheza. Walizika asubuhi na jioni wakacheza mpira wa makaratasi. Ni picha zetu tulizotuma ndizo zilizoonyesha kwamba hawakucheza kamwe.

Kwa kamati

Tangu mwaka jana tumeanza utaratibu mpya katika sharika tatu, na ningependa wengine waujaribu. Mpiga picha hukaa kwanza na watoto bila kutoa kamera, walau nusu saa. Anapiga picha akiwa amechuchumaa, macho yake usawa wa macho ya mtoto, kwa sababu ukimpiga aliye chini ukiwa umesimama lazima atatokea kama anaomba. Hakuna anayebadilishwa nguo. Mzazi au mlezi anaulizwa, na mtoto naye anaulizwa kwa sehemu yake, na jibu la hapana linaheshimiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai ridhaa, lakini hata bila sheria tungepaswa. Maelezo ya chini ya picha yanasomwa kwa familia kabla hayajachapishwa. Na nakala ya kwanza ya picha inakwenda kwa familia. Kusafisha nakala moja hakuna gharama ya kutisha, na tumeiweka kwenye bajeti kama mstari wake wenyewe, ili mkaguzi asituulize.

Matokeo? Picha ni chache kuliko zamani, na nyingine hazifai kwa kipeperushi kwa sababu watoto wanacheka mno. Msichana mmoja alikataa, akakunja mikono na kugeukia ukutani. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kumlazimisha, na wenzake wakamzuia. Mfadhili mmoja ameandika kuuliza kama watoto hawa kweli wana shida. Tumemjibu kwa barua ndefu yenye hesabu za ada, idadi ya vyumba na umbali wa kufuata maji, mambo ambayo kusema kweli tulipaswa kumwandikia tangu mwanzo badala ya kuyaachia macho ya mtoto.

Katika kikao kijacho naomba kila kamati itoe picha zake zote za watoto za miaka mitano iliyopita, zipangwe mezani. Kwa kila picha jibuni: mtoto huyu anaitwa nani, yuko wapi leo, je, yeye au mlezi wake amewahi kuiona? Zile zisizo na majibu ziwekwe kando, zisitumike tena mpaka mmoja wenu ameenda kuuliza. Majibu yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao na kuletwa ofisi ya miradi pamoja na taarifa ya robo mwaka.

Ile picha ya shati tumeiondoa kila mahali tulipoweza kuifikia. Bibi nimempelekea nyingine, tuliyoipiga upya nyumbani kwake, kijana akiwa amevaa anachopenda. Ameitundika sebuleni.